Sindano saba za Avastin na maji ya makula bado yapo, je mama akubali kipandikizi cha steroidi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, nimelifupisha:

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, kisukari anacho mwaka wa 17 huu. Jicho la kulia lina uvimbe kwenye makula, ameshachomwa Avastin mara 7 ndani ya mwaka na nusu, tunampeleka Dar. OCT (picha inayopima unene wa retina kwa maikroni) ilianza 512, sasa iko 438, na anasoma 6/36 (herufi anayoiona mita 6, mwenye macho mazima anaiona mita 36). Daktari anasema uvimbe umekuwa sugu, anashauri kipandikizi cha steroidi ambacho kinakaa jichoni miezi kadhaa. Jicho hilohilo lilitolewa mtoto wa jicho mwaka 2021, operesheni ilichukua muda mrefu, wakasema kulikuwa na shida kidogo ila lenzi imeingia. La kushoto bado lina lenzi yake ya kuzaliwa, linaona 6/9. Tunaogopa, steroidi si inapandisha sukari? Halafu mjomba wetu ana presha ya macho. Na je, ataona tena kama zamani? Maana yeye ni fundi cherehani."

Marahaba dada. Asante kwa kuweka namba, wengi wananiandikia tu "mama haoni" basi hapo nibuni mwenyewe. Niseme moja kwa moja, kipandikizi ni dawa nzuri, kuna macho ambayo ningeyapa hata kesho asubuhi, lakini kwenye maelezo yako kuna kitu umekipita haraka haraka na mimi ndo kimenisimamisha, hiyo "shida kidogo" ya mwaka 2021. Na kuna cha pili, hizo sindano 7 kwa mwaka na nusu. Sukari ambayo ndo mnaiogopa sana nyumbani, hiyo wala isiwanyime usingizi. Nitaeleza yote.

Kwanza maji yanatoka wapi. Makula ni sehemu ndogo katikati ya retina, ndo inayosoma, inatambua sura za watu, inatunga uzi kwenye sindano. Sukari ikikaa juu miaka mingi kuta za mishipa midogo ya retina zinachoka na kuanza kuvujisha maji na mafuta. Hapo kuna mambo mawili yanaendelea kwa pamoja. Moja, retina iliyokosa oksijeni inatoa kemikali inaitwa VEGF ambayo inazidi kulegeza mishipa. Pili, kinga ya mwili inaingilia, chembe nyeupe za damu zinanata kwenye kuta za mishipa, zinamwaga kemikali zake na mishipa inavuja zaidi. Avastin, Lucentis, Eylea zote kazi yake kubwa ni kuikamata VEGF. Steroidi inaishusha VEGF na hapohapo inatuliza hiyo vurugu ya kinga, ndo maana uvimbe uliokaa muda mrefu ambao sindano za kawaida haziumalizi, saa ingine steroidi inaukausha ndani ya wiki chache. Kwa hiyo daktari wenu hajatunga, wazo lake lina msingi.

Sasa tuje kwenye hilo neno "sugu". Sindano moja ya Avastin inafanya kazi kama wiki 4 hadi 6 hivi, baada ya hapo imeisha. Sindano 7 kwa miezi 18 ukigawa ni moja kila miezi miwili na nusu, maana yake kwa karibu nusu ya muda huo, pengine zaidi, jicho la mama lilikuwa halina dawa kabisa. Kwenye ule utafiti mkubwa wa Marekani uliolinganisha Avastin, Lucentis na Eylea, majibu yake ya kwanza yalitoka 2015, wagonjwa walichomwa kama mara 9 au 10 mwaka wa kwanza peke yake, na zile za mwanzo zilifuatana kila mwezi. Simlaumu mtu, najua nauli ya Tanga Dar, najua mgonjwa anafika anaambiwa dawa imeisha rudi wiki ijayo, na wiki ijayo kuna msiba. Lakini jicho lililokosa dozi na jicho lililopata dozi zote likagoma ni vitu viwili tofauti na mara nyingi kwenye faili yanaandikwa neno lilelile.

Halafu hata ukichoma kila mwezi bila kuruka, Avastin ni mpole. Kwenye utafiti huohuo baada ya miezi 6 karibu theluthi mbili ya macho yaliyopata Avastin bado yalikuwa na uvimbe, ya Eylea ilikuwa kama theluthi moja. Na walioanza wakiwa wanaona vibaya, kuanzia 6/15 kurudi chini, na mama yuko humo, mwaka wa kwanza Eylea iliwapandishia herufi karibu 19 kwenye chati na Avastin kama 12. Kuanza na Avastin si kosa, usije ukamgombeza daktari wa watu, ni nafuu na kuna utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba ukianza nayo halafu ukahama kwenda Eylea pale inaposhindwa, baada ya miaka miwili matokeo yanalingana na aliyeanza na Eylea moja kwa moja. Ila angalia, kwenye utafiti huo watu 7 kati ya 10 iliwabidi wahame. Kwa hiyo kabla ya steroidi kuna swali halali kabisa la kumuuliza daktari: hivi kuhamia Eylea au Vabysmo (sindano nyingine ya kuzuia VEGF) inawezekana kwetu, na kwa bei gani?

Jingine kabla sijaacha hili la usugu, muulize daktari kama kwenye OCT kuna utando unaovuta makula. Ute wa jicho unaweza kuwa umenata kwenye retina unaivuta juu, na hapo hata umwage dawa zote za duniani maji hayakauki, dawa yake ni operesheni. Picha ya OCT inaonyesha hilo wazi, ni suala la kuuliza tu.

Haya, hiyo "shida kidogo".

Mtoto wa jicho anapotolewa, lenzi ya zamani inatolewa kwenye kimfuko chake na lenzi bandia inaingizwa ndani ya kimfuko hichohicho. Ukuta wa nyuma wa kimfuko, wenyewe tunauita kapsuli ya nyuma, unabaki, na ndio unaotenganisha chumba cha mbele cha jicho na ute wa nyuma. Wakati wa operesheni ukuta huo unaweza kuchanika. Inatokea hata kwa mabingwa, na ikitokea operesheni inachukua muda mrefu, inabidi kusafisha ute uliotoka mbele, lenzi inawekwa juu ya kimfuko badala ya ndani, au inawekwa mbele kabisa ya mboni, na mgonjwa anaambiwa "kulikuwa na shida kidogo ila lenzi imeingia". Maneno yaleyale uliyoniandikia.

Sasa kipandikizi ni kijiti. Hicho cha deksamethasoni, jina lake la dukani Ozurdex, kina urefu kama milimita 6 na unene hata nusu milimita hakifiki, ukitaka kukipata akilini fikiria kipande cha risasi ya penseli zile za kubonyeza. Kinachomwa kinakaa ndani ya ute wa nyuma kinaelea humo. Kama ukuta wa kapsuli umechanika kijiti kinaweza kupenya kikaja chumba cha mbele, mgonjwa akiinama tu au akilala kifudifudi kimeshafika, kinakaa kinasugua upande wa ndani wa kornea, kile kioo cha mbele cha jicho. Kornea inavimba, inakuwa kama ukungu, na kisipotolewa haraka uharibifu unaweza kuwa wa kudumu hadi mtu akahitaji kubadilishiwa kornea. Ndo maana kapsuli ya nyuma iliyochanika imeandikwa wazi na watengenezaji kwamba ni marufuku. Kuna kitu kinachanganya watu hapa, kama baada ya operesheni mama alipigwa leza ya kusafisha ukungu nyuma ya lenzi, hiyo leza inatoboa tundu dogo kwa makusudi na yenyewe haimo kwenye marufuku hayo. Tunachoogopa ni kuchanika kulikotokea kwenye operesheni.

Kwa hiyo kabla ya kujadili bei, kabla ya kuchangishana kwenye grupu la familia, tafuteni karatasi ya operesheni ya 2021. Kama haipo basi mwambie daktari kwa maneno haya haya: "Operesheni ya mtoto wa jicho ilikuwa na shida, kapsuli ya nyuma ni nzima? Lenzi imekaa ndani ya mfuko au nje yake?" Akimpanulia mboni kwa matone na kumwangalia kwenye mashine atajibu hapohapo, ni dakika chache. Inawezekana ameshaangalia na anajua ni nzima, wala hakuona haja ya kuwaambia. Lakini kama hospitali iliyofanya operesheni si hii inayochoma sindano, usichukulie kwamba habari zilisafiri.

Tuseme kapsuli ni nzima. Twende kwenye hofu zenu.

Sukari. Steroidi za kumeza na za sindano ya msuli zinapandisha sukari kweli, na kwa mwenye kisukari zinaweza kuipandisha vibaya sana, kwa hiyo hofu yenu haikutoka hewani. Lakini angalia kiasi. Kipandikizi kizima kina miligramu 0.7 za deksamethasoni. Kidonge kimoja kidogo cha dexa, hizi hizi ambazo dada zetu wanameza ili wanenepe makalio (na siku nyingine nitalisemea hilo maana linaniuma), kina miligramu 0.5. Dawa yote ya jicho ya miezi kadhaa haifiki vidonge viwili, na inaachiwa kidogo kidogo mlemle jichoni. Walipopima damu za wagonjwa waliowekewa, wengi dawa haikuonekana hata kwa kipimo. Mama aendelee na dawa zake za sukari kama kawaida. Sukari kwenye jambo hili inaingia kwa mlango mwingine, kwamba kama HbA1c yake (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi) iko 11, presha ya damu iko 170 na figo zimeanza kuvujisha protini, basi hicho kijiti kinakausha maji huku mwili unamimina mengine. Waulize pia wanaomtibu kisukari kama kwenye vidonge vyake kuna pioglitazoni, hiyo inatunza maji mwilini na kwa baadhi ya watu inachangia huu uvimbe wa makula. Asiache mwenyewe, amuulize daktari wake.

Presha ya jicho ndo hofu ya kweli. Kuna watu macho yao yakiguswa na steroidi presha inapanda, na kati ya mambo yanayoongeza uwezekano huo ni kuwa na glakoma, hiyo mnayoiita presha ya macho, kwenye ukoo. Mjomba wenu ni kaka yake mama, tumbo moja, kwa hiyo hilo si la kutaja mwishoni kwenye korido, mwambieni daktari mapema. Kwenye utafiti uliofanya Ozurdex ikubaliwe kwa uvimbe wa kisukari, watu zaidi ya 1,000 walifuatiliwa miaka 3, karibu 4 kati ya 10 waliopata kipandikizi walihitaji dawa za kushusha presha wakati fulani. Inatisha ukiisoma hivyo, ila karibu wote matone yaliwatosha, waliofikia operesheni ya presha hawakufika hata 1 katika 100. Kinachoua jicho ni presha iliyopanda ikakosa mtu wa kuipima. Presha ya jicho haiumi dada, mgonjwa anajisikia vizuri tu, tena anafurahi kwa kuwa maji yamekauka anaona vizuri, huku mshipa wa fahamu unaliwa taratibu, na kilicholiwa na glakoma hakirudi.

Inapanda lini? Mara nyingi kilele ni kati ya wiki ya 6 na ya 8, halafu inashuka kadiri dawa inavyoisha. Kwa hiyo kama mama anaweza kupimwa wiki ya kwanza, halafu karibu na wiki ya 6 hadi 8, halafu mwezi wa 3 au wa 4, tumeuziba mwanya mkubwa. Na si lazima aje Dar kwa hilo, kupima presha kunafanyika kliniki yoyote ya macho yenye kifaa, hapo hapo Tanga, namba inaandikwa kwenye karatasi mnaipiga picha mnaituma kwa daktari wa Dar. Kama hata hilo haliwezekani, kama mama atachomwa apotee hadi maono yashuke tena, mimi kwa mtu mwenye kaka mwenye glakoma nisingeweka kipandikizi. Hapo niko mkali.

Na kuna ushahidi wa bure mnao tayari. Baada ya operesheni ya 2021 lazima alipewa matone ya steroidi kwa wiki kadhaa, ni kawaida ya kila mahali. Je, presha ilipimwa kipindi kile, na ilikuwa ngapi? Kama ilipanda ikafika 28, 30, tunajua tunashughulika na nani. Kama ilikaa 14 ni dalili nzuri ingawa si hati ya dhamana. Muulize pia daktari hali ya mshipa wa fahamu wa macho yote mawili, ukiwa umeshachimbika sana na glakoma kipandikizi hakiruhusiwi. Na ikitokea anaandikiwa timolol, matone ya kushusha presha ya jicho, mseme kama ana pumu au mapigo ya moyo ya polepole, na kama anachoma insulini mjue kwamba timolol inaweza kuficha dalili za sukari kushuka, ule moyo kwenda mbio unaomshtua mtu atafute chai unaweza usitokee.

Mtoto wa jicho ndo madhara mengine makubwa ya steroidi, ila jicho la kulia limeshabadilishwa lenzi, hapo halina cha kupoteza. Ingekuwa ni la kushoto ningeongea lugha tofauti, maana kwenye utafiti ule ule katika wenye lenzi zao za asili karibu 6 kati ya 10 walifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho ndani ya miaka 3.

Sasa swali lako ambalo nahisi ndo mama mwenyewe analiuliza, je ataona kama zamani. Naomba usimuahidi. Kukauka maji na kuona ni mambo mawili yanayotembea pamoja lakini si lazima yafike pamoja. Kuna utafiti wa Marekani wa 2018, walichukua macho ambayo yalishachomwa sindano na bado yamevimba, sawasawa na la mama, kundi moja likaendelea na Lucentis peke yake, jingine likaongezewa Ozurdex juu yake. Baada ya wiki 24 waliopata kipandikizi retina ilipungua unene kama maikroni 110, wenzao 62. Tofauti kubwa. Lakini herufi kwenye chati? Makundi yote mawili yaliongeza kama 3 tu, sawa sawa. Na kwenye ule wa watu 1,000 walioweza kuongeza mistari 3 kwenye chati walikuwa kama 22 katika 100 kwa waliowekewa dawa, na 12 kwa waliofanyiwa sindano ya uongo isiyo na dawa. Faida ipo, ila haikumwagika.

Sababu ni kwamba maji yakikaa muda mrefu yanaharibu nyaya zenyewe. Ukirudi kwa daktari usiulize namba ya unene tu, mwombe akuonyeshe kwenye picha ya OCT ule mstari mweupe wa chini, ule wa chembe zinazopokea mwanga. Kama umenyooka na haujakatika katikati ya makula, kuna cha kuokoa. Kama umekatika katika na tabaka za juu zimechanganyikana hazitofautiani, 438 inaweza kushuka ikafika 280 na mama akabaki 6/36 ile ile. Na kama hajawahi kupigwa picha ya mishipa, ile ya kuchomwa rangi mkononi, ni vizuri ifanyike ijulikane kama katikati ya makula kuna damu inayofika, maana makula iliyokauka mishipa hairudishwi na dawa yoyote tuliyonayo leo.

Cherehani kwa sasa inaendeshwa na jicho la kushoto, na 6/9 ni jicho zuri tu. Mpimeni miwani ya karibu, taa iwekwe upande wa kushoto karibu na sindano, atafutiwe kile kidude cha kutungia uzi. Na kila anapopigwa OCT ya kulia ipigwe na ya kushoto, msisubiri lilalamike.

Kuhusu muda, daktari kasema miezi kadhaa, kwenye karatasi za dawa utakuta hadi miezi 6. Uhalisia ni kwamba nguvu yake inakuwa juu mwezi wa pili, na kwa wengi mwezi wa 4 maji yameanza kurudi. Kinayeyuka chenyewe chote, hakitolewi. Kwa hiyo ukiuliza bei uliza ya mwaka, si ya kimoja, panga viwili au vitatu. Faida yake kwa mtu wa mbali ni safari. Waaustralia walilinganisha Avastin na Ozurdex kwa mwaka mmoja, wa Avastin walichomwa wastani wa mara 8.6, wa Ozurdex mara 2.7, na kuona kulipanda karibu sawa. Kwa mtu wa Tanga hiyo namba ina maana sana.

Kuna na kipandikizi kingine mtasikia, Iluvien, hicho kina fluosinoloni na kinakaa hadi miaka 3. Kwa mama sikishauri kwa hatua hii. Kile hakiyeyuki, presha ikipanda huna kitufe cha kuzima, na kwenye utafiti wake karibu watu 5 katika 100 waliishia operesheni ya presha. Marekani wanakiruhusu kwa mtu ambaye alishapata steroidi ya muda mfupi na presha yake ikatulia, na mimi naona ni busara. Na ipo triamsinoloni, dawa ya maji yenye chembechembe nyeupe, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha, inachomwa jichoni inakaa kama miezi 3. Madhara ni yale yale ya presha, na mgonjwa anaona vumbi vumbi siku za mwanzo, lakini pale ambapo Ozurdex haipatikani au hela haipo madaktari wengi wanaitumia na si aibu.

Ningekuwa mimi ndiye ninayemtibu ningeenda hivi. Kapsuli imechanika, kipandikizi kinafutwa, tunajadili Eylea au Vabysmo, na kama hela hairuhusu basi Avastin kila mwezi bila kuruka angalau 5 mfululizo ndo tuhukumu. Kapsuli ni nzima, presha iko vizuri, mshipa wa fahamu mzima na kuna mtu wa kumpima presha Tanga, ningekubali kipandikizi kimoja, nione jicho linajibu vipi mwezi wa pili kwenye OCT na kwenye chati, ndo niamue cha pili. Kama mama aliwahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo miezi ya karibuni, hujasema, basi hiyo inanisogeza zaidi upande wa steroidi. Na kama ana jicho jekundu, usaha, au aliwahi kuwa na malengelenge ya virusi jichoni, kila kitu kinasimama kwanza.

Siku yenyewe haina maajabu. Atalala, atawekwa matone ya ganzi, jicho litaoshwa na ayodini ambayo inawasha kuliko sindano yenyewe, kope zitashikiliwa wazi. Sindano ya kipandikizi ni nene kuliko ya Avastin kwa hiyo atasikia msukumo, na atasikia mlio "tak" wa kifaa kikiachia kijiti, mwambieni mapema asije akashtuka akageuza kichwa. Damu kidogo kwenye weupe wa jicho ni kawaida. Anaweza kuona kijiti kinaelea siku za mwanzo, hiyo nayo kawaida. Lakini maumivu yanayozidi badala ya kupungua, jicho kuwa jekundu zaidi na ukungu ndani ya siku chache za mwanzo, mimweko ya mwanga au pazia jeusi, au ghafla kuona ukungu mbele na kijiti kinaonekana kwenye kioo cha mbele cha jicho, mnaondoka na basi la usiku huohuo, msisubiri tarehe ya kliniki. Na njiani akae wima au alale chali, asilale kifudifudi.

Mkipata hiyo karatasi ya operesheni, au jibu la daktari kuhusu kapsuli, niandikie hapa pamoja na presha ya macho yote mawili, nitakuambia ninavyoona.